Sura ya Tatu: Kiti cha Aliyetangulia

Mchungaji anapohamishiwa usharika mkubwa na kupewa wadhifa wa mchungaji kiongozi, jambo la kwanza analokabidhiwa ni vitu vinavyohesabika. Mbele ya mkuu wa jimbo au mjumbe wake, wazee wa baraza wakiwa mashahidi, anayeondoka hutia sahihi na anayeingia hutia sahihi: funguo za ofisi, mhuri, daftari la ubatizo, daftari la ndoa, daftari la maziko, vitabu vya benki, hati ya kiwanja, vyombo vya Meza ya Bwana, na pengine gari kuukuu ambalo kila mzee anayajua maradhi yake. Jumapili ifuatayo huingizwa kazini kwa ibada yenye taadhima, kwaya zote zikiimba na matarumbeta yakilia, na baada ya ibada wali huliwa chini ya turubai. Jioni ya siku hiyo mtu huyo anayo madaraka yote ambayo katiba ya kanisa inaweza kumpa. Bado hana ile amana nyingine, isiyoandikwa katika daftari lolote wala kutiwa sahihi na askofu, nayo ni ridhaa ya watu kumfungulia siri zao: mzazi kumweleza habari za mwanawe aliyepotelea mjini, mjane kumwonyesha barua ya mashemeji wanaotaka shamba, mzee wa kanisa kukiri kwamba imani imempungukia. Amana hii hutolewa kidogo kidogo, nyumba kwa nyumba, kwa muda wa miaka. Na ni rai yangu katika sura hii kwamba mashaka karibu yote yanayompata mchungaji kiongozi mpya huzaliwa pale anapodhani kuwa siku alipokabidhiwa funguo alikabidhiwa na watu.

Shaka la kwanza huanza kwa jina la mtu asiyekuwapo. Usharika humwombolezea mchungaji aliyeondoka hata kama hakufa, bali amehamishiwa kwingine, au amestaafu na kujenga nyumba yake mwendo wa nusu saa kutoka kanisani, na maombolezo haya hayana tangazo, hivyo mgeni hayatambui upesi. Huyasikia katika kikao cha baraza, mzee anaposema kwamba mchungaji yule ibada ya kwanza aliimaliza kabla ya saa tatu. Huyasikia mlangoni pa kanisa, mama anapomsifia mahubiri yake kisha akaongeza kwamba yale ya mwaka jana juu ya mwana mpotevu hayatasahaulika. Huyasikia kwa uchungu zaidi pale familia inapofiwa na kumwendea mstaafu kwanza, halafu ikamletea yeye ratiba ya maziko iliyokwisha kupigwa chapa. Asiyejihadhari huyapokea maneno haya kama shutuma, akaanza kumpunguza aliyemtangulia: hubadili saa za ibada, huhamisha samani za ofisi, hutaja kwa mafumbo makosa ya zamani, na kila afanyapo hivyo huwaambia watu, pasipo kukusudia, kwamba miaka waliyompenda yule mwingine ilikuwa miaka ya bure.

Kumbukumbu la Torati inasimulia kwamba Waisraeli walimlilia Musa siku 30 katika nchi tambarare ya Moabu, na Yoshua, ingawa alikwisha kuwekewa mikono na Musa mwenyewe, hakuwavusha mto katika siku hizo. Mchungaji mpya hana budi kuyapa maombolezo ya watu wake muda wake, tena afanye zaidi ya kustahimili, aulize. Amwendee mstaafu mapema, nyumbani kwake, amsikilize akieleza nani amegombana na nani na kwa nini mtaa fulani haukamilishi ahadi zake. Amwalike siku ya sikukuu kuu asimame madhabahuni. Na wakati huohuo wakubaliane waziwazi kwamba habari za maziko, ndoa na ugomvi wa nyumba zitaanzia ofisini pa usharika. Makubaliano haya ni mepesi katika mwezi wa kwanza na karibu hayawezekani katika mwaka wa pili, kwa kuwa wakati huo kila upande umekwisha kujikusanyia watu wake.

Mfano ulio bayana kuliko yote niijuayo uko mbali nasi kwa mahali na kwa zama, katika mji wa Northampton, Massachusetts, wakati nchi hiyo ilipokuwa ingali koloni la Uingereza. Mchungaji wa mji huo, Solomon Stoddard, alikaa katika kiti chake takriban miaka 60, akabatiza watoto, na wajukuu, na vitukuu, hata neno lake likawa na uzito katika bonde zima la mto Connecticut. Mwaka 1727 mjukuu wake kwa upande wa binti, Jonathan Edwards, alibarikiwa kuwa msaidizi wake; Februari 1729 mzee akafariki, na kijana huyu wa miaka 25 akabaki peke yake mimbarani. Alikuwa mtu wa akili adhimu, ambaye hata leo wanafunzi wa theolojia wa mabara yote humsoma. Kadhalika alikuwa mtu wa zama zake katika dhambi yake kubwa, kwa kuwa alimiliki watumwa, na sisi wa Afrika hatuna haki ya kulipita jambo hilo kimya. Mwaka 1734 na 1735 palitokea uamsho ambao yeye mwenyewe alikadiria kuwa katika nusu mwaka uliwageuza watu wapatao 300, na simulizi aliyoiandika juu yake ilisomwa hata ng'ambo ya bahari. Mtu angedhani kwamba mchungaji wa namna hiyo amekwisha kupewa kila kitu ambacho watu wanaweza kutoa. Walakini Juni 1750 waumini wanaume walipopiga kura juu yake, zaidi ya 200 walitaka aondoke, na waliotaka abaki walikuwa 23 tu.

Sababu inayotajwa sana ni ya kweli. Stoddard alimruhusu kila mtu mwenye mwenendo mwema kuijia Meza ya Bwana, kwa imani kwamba Meza yenyewe yaweza kumgeuza mtu. Mjukuu wake aliifuata desturi hiyo kwa miaka karibu 20 huku dhamiri ikizidi kumsuta, na mwishoni mwa 1748, kijana mmoja alipoomba kupokewa, akamtaka kwanza akiri imani ya moyo. Mji ukawaka. Watu waliona kwamba babu anahukumiwa kaburini, na kwamba wao wenyewe, waliokaribishwa na babu, wanaambiwa kuwa walikuwa wageni mezani siku zote. Mjomba wake Edwards, Kanali John Stoddard, aliyekuwa ngome yake katika mji, alikuwa amekufa mwaka huohuo, na hapakuwa na mkubwa mwingine wa kumkingia.

Lakini nikiisoma habari hii naona mzizi ulio mrefu zaidi. Samuel Hopkins, mwanafunzi na rafiki yake aliyeandika maisha yake, anasema kwamba kwa kawaida Edwards alitumia saa 13 kwa siku katika chumba chake cha kusomea, na hakuwa na mazoea ya kuwazungukia watu majumbani, ila aitwapo kwa wagonjwa. Alijiona hana kipawa cha mazungumzo ya namna hiyo, na mlango wake aliuacha wazi kwa anayetaka kumjia. Mwaka 1744 ilipogunduliwa kwamba vijana kadhaa walikuwa wakisoma kwa mzaha kitabu cha wakunga na kuwaudhi wasichana kwa maneno yake, alisoma mimbarani orodha ya majina ya kuitwa mbele ya kamati, wala hakutenga mashahidi na watuhumiwa; wazazi wenye heshima wakarudi nyumbani jina la mtoto wao likiwa midomoni mwa watu. Palikuwapo pia ugomvi wa mshahara wa miaka mingi. Siwaungi mkono watu wa Northampton, na katika suala lenyewe la Meza nadhani Edwards alikuwa na hoja nzito kuliko babu yake. Ila hoja nzito huhitaji sikio lililokwisha kuzoea sauti ya msemaji akiwa ameketi jikoni mwao, na sikio hilo hakulitafuta. Stahamala yake ilionekana baada ya kuanguka: kwa kuwa mji haukupata mtu mwingine upesi, mara nyingi aliombwa kuwahubiria watu walewale waliomfukuza, naye akakubali, hata Novemba. Joseph Hawley, jamaa yake aliyekuwa mbele katika kumpinga, alitangaza hadharani majuto yake mwaka 1760, Edwards akiwa amekwisha kufa miaka miwili.

Jambo lililomwangusha Edwards limo katika sharika zetu za Kilutheri, nalo hujitokeza katika desturi ya kutengwa na kurudi kundini. Mchungaji mpya hulifungua daftari la washarika akakuta majina yenye alama: huyu anaishi na mume bila ndoa ya kanisa, huyu binti yake alijifungua nyumbani, huyu alioa mke wa pili. Kisha Jumapili ya Meza ya Bwana huwaona baadhi yao wakipiga magoti mbele yake, mikono wazi, kwa kuwa mchungaji aliyepita aliwapa. Au kinyume chake, humwona bibi mmoja mwenye kitenge safi na kitabu cha nyimbo kilichokunjika pembe, ambaye kila mara, watu wa benchi lake wanapoinuka, huvuta miguu yake kando awapishe, akabaki ameketi. Daftari halisemi kwamba mumewe alitoa nusu ya mahari mwaka wa njaa, kwamba nusu ya pili haikupatikana kamwe, na kwamba shemeji mkubwa anayeshikilia ridhaa ya ukoo ndiye mzee wa kanisa wa mtaa huo. Kulegeza kwa haraka na kukaza kwa haraka huleta madhara mamoja, maana yote mawili hufanywa na mtu asiyejua. Shauri langu ni kwamba mwaka wa kwanza aifuate kanuni ya aliyemtangulia kama alivyoikuta, hata pale isipompendeza, isipokuwa mahali ambapo mtu anadhulumiwa waziwazi. Na katika mwaka huo aende kwa kila jina lenye alama, aketi, asikie. Atakaporudi barazani kutaka mabadiliko, asizungumzie kanuni kwanza, azungumzie watu.

Usharika wa mjini una taabu yake zaidi. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilizaliwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba, na makanisa hayo yalitokana na misheni mbalimbali: Leipzig kule Kilimanjaro, Bethel kule Usambara na Bukoba, Berlin kule nyanda za juu za kusini, bila kuwasahau Waskandinavia na Wamarekani. Katika benchi moja la Dar es Salaam huketi leo Mchaga, Mhaya, Msambaa na Mhehe, kila mmoja akiwa na hakika kwamba utaratibu wa ibada aliolelewa nao ndio utaratibu wa Kilutheri. Na anayetoka Bukoba huenda amekulia katika nyumba iliyoguswa na uamsho uliovuka kutoka Rwanda katika miaka ya 1930, ambamo kutubu hadharani ni jambo la heshima, ilhali jirani yake huona aibu tupu. Mchungaji aliyefaulu vizuri mlimani, mahali ambapo wote walijuana tangu utotoni, asishangae akikuta maneno yaleyale yanapokewa hapa kwa nyuso za namna nne.

Dawa ya hayo yote ni ya kale. Mwingereza Richard Baxter, aliyehudumu Kidderminster katika karne ya 17, aliandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1656 kwamba parokia yake ilikuwa na familia zaidi ya 800, na kwamba yeye na msaidizi wake walitenga Jumatatu na Jumanne za kila juma kuzungumza na familia 15 au 16, hata mwaka ukaisha wakiwa wamezimaliza zote. Hesabu hiyo ni nyepesi kwa kuandika, na kwa mchungaji kiongozi wa leo, mwenye mitaa, vikao vya jimbo, harusi kila Jumamosi na simu isiyonyamaza, ni nzito mno kwa kutenda; lakini sisi tunazo jumuiya, ambamo nyumba kumi au kumi na tano hukutana alfajiri au jioni kusoma Neno kwa zamu, nyumba hii leo na nyumba ile juma lijalo. Mchungaji anayeketi katika jumuiya moja kila juma, kwenye kiti cha plastiki kama wengine, akamwachia kiongozi wa jumuiya kuongoza, hujua kwa saa moja mambo ambayo ripoti za mtaa hazitamwambia kwa mwaka: nani hakuja, nani amekuja peke yake, nani aliombewa bila kutajwa jina. Na wagonjwa wasiotoka nyumbani awachukue wote kuwa wake mwenyewe katika miezi ya mwanzo, asimtume mwinjilisti. Mtu aliyeletewa Meza kitandani na mchungaji kiongozi, akashikwa mkono, haisahau siku hiyo, wala watoto wake hawaisahau, na mchungaji naye hatoki kama alivyoingia.

Fedha zataka neno refu, maana ndipo wengi huanguka. Baada ya ibada sadaka humwagwa mezani, wazee wakazunguka, noti zikanyooshwa na sarafu zikapangwa mafungu, bahasha za ahadi zikafunguliwa na namba zake kuandikwa. Nje, mbele ya kanisa, mnada unaendelea wa ndizi, mayai, kuku na miwa iliyotolewa na wasiokuwa na fedha, na jogoo mmoja huweza kununuliwa na kurudishwa mara tatu kwa furaha. Katika chumba kile mchungaji mpya asiguse fedha hata moja, wala asikae mbali. Akae aone, na baadaye amwombe mtunza hazina amweleze vitabu taratibu, kwa maswali ya mwanafunzi kuliko ya mkaguzi, kwa kuwa chuo kilichomfundisha Kiyunani na fundisho la imani aghalabu hakikumfundisha kusoma mizania. Akiona kasoro, na mara nyingi ataiona, asiitangaze mimbarani wala asiifiche. Aipeleke kwa kamati ya fedha, kisha barazani, na ikibidi aombe wakaguzi wa dayosisi, ili haki itendeke kwa njia ambayo hata mtuhumiwa ataitambua kuwa ni njia. Na kama amekuta msingi wa kanisa jipya umeota majani, nondo zikishika kutu angani, asiahidi kuumaliza siku ya kuingizwa kazini. Kila mchungaji mpya husukumwa atoe ahadi hiyo, na watu waliochangishwa tayari mara tano wataipigia makofi kisha wafunge mikono.

Juu ya kwaya nitasema machache: usharika mkubwa una kwaya kadhaa, na zamu za kuimba ni siasa kamili, hivyo ratiba iandikwe na kamati wala si na yeye. Wachungaji wasaidizi na wainjilisti wanahitaji zaidi. Miongoni mwao huenda yupo aliyekaa hapo miaka mingi na kutarajia kiti hicho. Huyo apewe kazi halisi yenye mamlaka yake, na asifiwe mbele za watu kwa kazi hiyo, maana msaidizi aliyenyimwa vyote viwili hugeuka kuwa mlango ambao manung'uniko yote hupitia.

Nyumbani kwa mchungaji macho ni mengi. Northampton walitaka hesabu ya matumizi ya nyumba ya Edwards na wakazungumza juu ya mavazi ya mkewe. Huku kwetu mama mchungaji huchaguliwa mwenyekiti wa wanawake kabla hajafungua masanduku, na mtoto wa mchungaji akikosa shuleni, usharika mzima hujua kabla ya adhuhuri. Na tangu dayosisi kadhaa zilipoanza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji katika miaka ya mwanzo ya 1990, wapo wanaoongoza sharika kubwa, nao hubeba mzigo wa ziada usio wa haki: sauti zao hupimwa kabla ya maneno yao, na waume zao huulizwa na wazee wenzao maswali ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza mke wa mchungaji. Baraza lenye adili hulinda nyumba hiyo kwa mambo madogo madogo yaliyo wazi, kama siku moja ya juma ambayo hakuna abishaye hodi isipokuwa kwa msiba, na uhuru wa mwenzi wa mchungaji kukataa uongozi bila kuombwa sababu.

Limebaki suala la nani atamchunga yeye. Kwa katiba, mkuu wa jimbo ni mchungaji wa wachungaji. Lakini ndiye pia anayepeleka taarifa yake kwa askofu, na barua ya uhamisho hupitia mikononi mwake, kwa hiyo hata mkuu mwenye huruma nyingi husikia nusu ya habari. Wazee wa baraza ni wema, ila mambo yanayomlemea mara nyingi ni wao wenyewe. Nimeona linalofaa zaidi ni wachungaji watatu au wanne wa sharika jirani, wa rika na wasio wa rika, hata wa dhehebu jingine ikiwa wanaaminiana, wakutane kila mwezi katika nyumba ya mmoja wao kuanzia mwaka wa kwanza, kabla taabu haijafika. Wale pamoja, waombe, kila mmoja aseme lililomnyima usingizi. Kikao hicho kisiwe na mwenyekiti, wala muhtasari, wala taarifa kwa jimbo.